Rangi ya maji kabla ya Makerere: Bwana na Bibi Lubaki wa Bukama, na Djilatendo wa Kasai



Tuanze na neno lenyewe, maana hapo ndipo tunapopotezana. Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi, iwe Kariakoo au Mombasa, ukaomba rangi ya maji, muuzaji atakuletea ndoo ya kupaka ukuta wa sebule. Ndivyo mafundi wanavyosema: rangi ya maji ni ya kuta, rangi ya mafuta ni ya milango na madirisha. Ile nyingine, ya vidonge vidogo ndani ya kisanduku cha bati, ya kuchorea kwenye karatasi kwa brashi nyembamba, wachache wetu tuliiona shuleni na wengi hatukuiona kabisa. Kwa hiyo mtu akisema "wachoraji wetu wa rangi za maji", msikilizaji hana budi kuuliza: unamaanisha wapaka majumba, au? Katika habari hii ninayotaka kuieleza, wao walikuwa yote mawili. Walipaka kuta kwanza, halafu wakapewa karatasi.

Sisi tunaofundisha na kuandika juu ya sanaa ya nchi zetu tuna njia tuliyoizoea. Tunaanza na Margaret Trowell na darasa lake la Makerere mwaka 1937. Tunapita kwa Sam Ntiro na Elimo Njau, tunafika kwa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli. Tukiulizwa habari za rangi za maji hasa, tunamtaja Joy Adamson, ambaye kuanzia 1949 serikali ya kikoloni ya Kenya ilimpa kazi ya kuwachora watu wa makabila mbalimbali na mavazi yao, na picha zake ziko Makumbusho ya Nairobi mpaka leo. Wa Zanzibar watamtaja Mzee John da Silva, mzaliwa wa Goa, aliyechora majumba ya Mji Mkongwe. Orodha si mbaya. Ila angalieni ramani yake: inafika Ziwa Tanganyika inasimama, kana kwamba ng'ambo ya ziwa hakuna watu wanaosema lugha hii.

Sasa twende ng'ambo. Bukama ni mji wa Katanga, kwenye mto Lualaba. Siku hizi uko katika jimbo la Haut-Lomami. Reli kutoka Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ilifika hapo mwaka 1918, na hapo ndipo msafiri aliposhuka garimoshi akapanda meli ya mtoni kuelekea kaskazini. Katika miaka ya 1920 ilikuwa inajengwa reli nyingine, kutoka Bukama kupita Kasai mpaka Port-Francqui (Ilebo), ikafunguliwa mwaka 1928. Kwa hiyo msifikirie kijiji kilichojificha porini. Fikirieni mji wa kibarua: wafanyakazi wa reli, makarani, wachuuzi, wasafiri wanaosubiri meli, na watu kutoka kila upande wakitafuta lugha ya kuelewana. Kiswahili kilikuwa kimeshatia mguu Katanga tangu karne ya 19, wakati wa Msiri na Wayeke wake waliotoka Unyamwezi, na migodi na reli zikakieneza zaidi.

Hapo Bukama mwaka 1926 alikuwapo ofisa wa Kibelgiji, Georges Thiry. Akaona nyumba za udongo ambazo kuta zake zilikuwa na picha: wanyama, ndege, watu katika shughuli zao. Akauliza nani amezichora, akaambiwa ni Albert Lubaki, mchonga pembe za ndovu, pamoja na mkewe Antoinette. Thiry alijua, kama kila aliyeishi huko alivyojua, kwamba picha za namna ile hazidumu. Masika yakija ukuta unaoshwa, nyumba ikikandikwa upya picha zinakwenda na udongo. Basi akampa Lubaki karatasi na rangi za maji, akamwomba achore humo yale anayoyachora ukutani. Baadaye alipokuwa Ibanshe, Kasai, akakutana na mtu mwingine, Djilatendo, fundi wa kushona nguo. Naye akampa karatasi na rangi.

Hayo ndiyo yaliyotokea, na ndiyo yanayorudiwa katika kila kitabu. Mimi nataka tukae kidogo kwenye swali ambalo vitabu hivyo hulipita haraka: kwa nini hawa watu, ambao hakuna aliyewafundisha, waliiweza rangi ya maji mara moja?

Hebu tuitazame rangi yenyewe. Rangi ya maji ya msanii ina vitu vitatu: unga wa rangi uliosagwa laini sana, gundi ya kuushikisha, na maji ya kuulainisha. Gundi yenyewe ni ile inayotoka kwenye miti ya jamii ya mgunga, na tangu zamani sehemu kubwa ya gundi hiyo hutoka Sudan. (Yaani sanaa ambayo Waingereza wanaiona ni yao kabisa, ya mawingu na mabonde ya kwao, inashikamana kwenye karatasi kwa utomvu wa Kordofan. Nalisema hili kila ninapopata nafasi.) Ukipaka, maji yanakauka, gundi inabaki imeubana unga kwenye nyuzi za karatasi. Inakauka upesi. Ukikosea huna pa kukimbilia, tofauti na rangi ya mafuta ambayo unaweza kuikwangua ukapaka tena wiki ijayo. Tena katika mtindo wa Kiingereza hakuna rangi nyeupe: weupe ni karatasi yenyewe iliyoachwa wazi, na mchoraji anapaka tabaka jepesi juu ya tabaka ili weupe huo uonekane kwa chini. Wanafunzi wa Ulaya wanasumbuka miaka kulijua hilo.

Sasa mchukue mtu anayepaka ukuta wa nyumba ya udongo. Anatumia udongo mweupe, udongo mwekundu, mkaa. Anauponda, anauchanganya na maji, anapaka. Ukuta unakunywa maji mara moja, rangi inabaki. Ukikosea, imekwisha. Mkono wake umeshazoea rangi inayokauka upesi, umeshazoea kuamua kabla ya kugusa, na umeshazoea kuiacha sehemu kubwa ya ukuta bila kitu ili kile kilichochorwa kionekane. Kwa maneno mengine, Lubaki alikuwa mchoraji wa rangi ya maji kabla hajapewa kisanduku. Muuza duka wetu wa Kariakoo, bila kujua, ana haki kuziita zote mbili kwa jina moja. Lau Thiry angekuwa na mirija ya rangi ya mafuta mfukoni, sidhani kama tungekuwa na habari ya kuisimulia.

Na ndivyo picha zenyewe zinavyoonekana. Karatasi za Lubaki ni ndogo, nyingi zina upana wa sentimita 50 hivi au zaidi kidogo, nyingine hazifiki hapo. Mnyama au mti umejazwa rangi moja bapa, bila kivuli, bila upeo wa macho, bila ardhi ya kusimamia. Nyuma yake ni karatasi tupu, kama vile ukuta ulivyo mtupu. Hakuigeza ile michezo ya Kiingereza ya rangi kuyeyukiana. Lakini kuna kitu kimoja ambacho ukuta haukuwa nacho: katika baadhi ya karatasi amezungusha mstari wa rangi pembeni, akaifungia picha ndani. Ukuta wa nyumba mwisho wake ni kona na mlango, karatasi mwisho wake ni ukingo wa kukatwa na mkasi, na inaelekea aliona kwamba hapa panahitaji mpaka. Kwangu mimi mstari ule una maana kubwa. Unaonyesha mtu aliyekuwa akifikiri juu ya kitu kipya alichowekewa mbele yake, wala hakuwa anahamisha tu kilichokuwa ukutani.

Ndiyo maana siafikiani na wale wanaosema kwa fahari kwamba Thiry "hakuwafundisha chochote". Ni kweli hakuwapa somo la kuchora. Lakini kumpa mtu karatasi nako ni kumfundisha. Ukuta una mwenyewe, mwenye nyumba, na picha inatazamwa na kila apitaye. Karatasi inabebeka, inakunjwa, inatiwa bahasha, inauzwa, na inaweza kumilikiwa na mtu ambaye hajawahi kufika Bukama. Hilo ndilo lililotokea.

Djilatendo alikuwa mtu wa namna nyingine. Jina lake wenyewe Wabelgiji hawakuelewana namna ya kuliandika: utakuta Djilatendo, Tshyela Ntendu, Tshelantende, yote ni mtu mmoja, kwa hiyo mnaotafuta kwenye orodha za makumbusho tafuteni yote. Ibanshe ni upande wa Wakuba, na mnajua Wakuba na vitambaa vyao vya ukindu wa mwale vyenye nakshi za pembe pembe. Fundi nguo huyu alijaza karatasi nzima kwa nakshi za namna hiyo, mistari na miraba ya rangi ikifuatana, wakati mwingine bila mtu wala mnyama. Kwingine alichora watu, wanyama na vyombo vya kizungu vilivyokuwa vimeingia nchini. Alitumia wino pamoja na rangi ya maji, na rangi nzito isiyopitisha mwanga ambayo wachoraji wanaiita gwashi. Ukiziweka kazi zake kando ya za Lubaki huwezi kuzichanganya. Hilo peke yake lingetosha kuwanyamazisha waliosema "mchoro wa Mwafrika" kana kwamba ni mmoja.

Karatasi zilipelekwa Brussels kwa Gaston-Denys Périer, ofisa wa Wizara ya Makoloni aliyekuwa pia mwandishi, na ambaye aliamini kwamba sanaa ya Kongo ni kitu hai, si mabaki ya kuwekwa kwenye makabati. Périer ndiye aliyefungua milango. Mwaka 1929 picha zilionyeshwa Palais des Beaux-Arts, Brussels. Mwaka 1930 zikawa Makumbusho ya Ethnografia ya Geneva. Mwaka 1931 zikafika Paris. Mwaka huohuo kazi za Djilatendo zilitundikwa Brussels pamoja na za Magritte na Delvaux, na ikatoka hukohuko Brussels hadithi za L'Éléphant qui marche sur des œufs, kwa jina la Badibanga, zikiwa na picha za Djilatendo. Kitabu hicho wanafasihi wa Kongo wanakijua vizuri, maana huhesabiwa miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa vya Mkongomani kwa Kifaransa. Wanaokumbuka picha zilizomo ni wachache.

Baada ya hapo, kimya. Thiry na Périer walikosana, karatasi zikaacha kwenda, vita vikaja. Elisabethville ikapata habari yake mpya mwaka 1946, pale Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alipoanzisha karakana iliyoitwa Le Hangar, walimotoka akina Bela, Mwenze Kibwanga na Pilipili Mulongoy (ndiyo, Pilipili). Hao walivuma, wakanunuliwa, wakaandikwa, na watu wakaanza kusema uchoraji wa kisasa wa Kongo ulizaliwa Elisabethville 1946. Lubaki na Djilatendo wakawa kwenye masanduku. Ilichukua mpaka mwaka 2015, pale Fondation Cartier ya Paris ilipofanya maonyesho ya Beauté Congo, yaliyosimamiwa na André Magnin, na kuyapa kichwa cha miaka "1926–2015". Tarehe hiyo ya mwanzo ni ya Bukama. Mwaka 2022 Antoinette Lubaki akawekwa kwenye maonyesho makubwa ya Venice Biennale.

Juu ya Antoinette nataka kusema kidogo, maana katika maelezo mengi anatajwa kwa neno moja, "mkewe". Karatasi zenye jina lake zipo. Sehemu nyingi za Afrika kupamba kuta za nyumba ni kazi ya wanawake, na Thiry alipoziona kuta za Bukama alizikuta ni kazi za watu wawili. Lakini karatasi inataka mwenyewe mmoja, jina moja chini ya picha, na ofisa wa kikoloni akitafuta mwenyewe alimwita mwanamume. Leo wataalamu wanahangaika kutenganisha ipi ni ya bwana na ipi ni ya bibi. Mkanganyiko huo haukuwako ukutani, umeletwa na karatasi.

Kuna jambo jingine ambalo lingefaa tulielewe sisi tulio karibu na makumbusho hayo. Thiry alitoa karatasi ili picha zidumu. Kati ya vitu vyote vya kuchorea, rangi ya maji ni miongoni mwa vilivyo dhaifu kabisa mbele ya mwanga. Tabaka lake ni jembamba mno na halina mafuta wala vanishi ya kulikinga. Mwanga unakula unga wa rangi, nyekundu na zambarau nyingine zikitangulia. Na karatasi ya kawaida ya zama zile, iliyotengenezwa kwa mbao, ina asidi ndani yake: inageuka manjano, inakauka, inavunjika pembeni. Kwa sababu hiyo makumbusho huonyesha kazi za namna hii kwa mwanga hafifu, kanuni ikiwa ni lux 50 tu, kwa miezi michache, halafu hurudishwa gizani zikapumzike. Nalieleza hili kwa kuwa nimesikia wenzetu wakilalamika kwamba "Wazungu wamezificha picha zetu". Wakati mwingine giza ni matunzo. Malalamiko yetu tuyapeleke mahali pake: je, zimepigwa picha vizuri, zote, na mtu wa Bukama au Lubumbashi anaweza kuziona bila viza?

Maana hapo ndipo panaponiuma. Maneno ya Thiry tunayo. Kumbukumbu zake zilichapwa mwaka 1982. Maandishi ya Périer tunayo. Tukija kwa wenye mikono, tunakuta "amezaliwa karibu 1895", na kwa Lubaki mwaka wa kifo huwa ni alama ya kuuliza. Chini ya picha nyingi pameandikwa "bila jina". Mtu aliyepaka ukuta wa jirani yake ndege na mamba alikuwa akisimulia kitu kwa watu waliokijua. Karatasi ilipoondoka, simulizi halikutiwa kwenye bahasha.

Linganisheni na mchoraji mwingine wa Katanga, Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa Elisabethville mwaka 1947. Huyu hakutumia rangi ya maji wala karatasi, alichora kwenye kitambaa cha magunia ya unga. Lakini katika miaka ya 1970 alikutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekaa naye wakaongea kwa Kiswahili cha Katanga, picha baada ya picha, historia nzima ya nchi yake kama alivyoiona yeye. Fabian alinasa maongezi kwa tepu, akatoa kitabu mwaka 1996, na maongezi yenyewe ya Kiswahili akayaweka kwenye intaneti ili kila mtu asome. Tshibumba alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini tunajua alikusudia nini katika kila picha, kwa maneno yake, kwa lugha yetu. Tofauti kati yake na Lubaki si kipaji. Mmoja aliulizwa, mwingine alipewa karatasi.

Najua wapo watakaoniambia: "Profesa, Lubaki hakuwa Mswahili, umemtoa wapi?" Sawa. Ntiro alikuwa Mchaga, Tingatinga alitoka Tunduru, na hakuna aliyetutaka vyeti tulipowaingiza kwenye silabasi. Ninachodai ni kidogo. Tukiandika juu ya uchoraji katika nchi ambazo Kiswahili kinasemwa, mstari wa kwanza uwe Bukama, 1926, miaka 11 kabla ya Makerere, na chombo cha kwanza kiwe rangi ya maji. Mtaala ninaoufundisha mimi nimeshaubadilisha hivyo. Wanafunzi, wakiwemo waliozaliwa huku, wanauliza maswali mazuri zaidi kuliko nilipokuwa nikianza na Bi Trowell, kwa sababu hawaanzi na mwalimu, wanaanza na ukuta.

Kwa wenzetu wa Katanga mnaosoma haya, mlioko Ubelgiji hasa, nina ombi. Waulizeni wazee waliokulia Bukama, Kamina na Kabongo zile picha za kutani ziliitwaje, kwa Kiswahili chenu au kwa Kiluba. Nani alizichora, mume au mke, na zilichorwa wakati gani wa mwaka. Atakayepata hata neno moja aliandike hapa kama lilivyotamkwa, asilisanifishe. Na walio Brussels wenye nafasi ya kuingia maktaba ya kifalme na Tervuren, nakilini chochote kilichoandikwa nyuma ya karatasi, hata kama ni namba tu.